Anayefika Kwanza Anaanza

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile. Huku Ngana hatujambo. Babu yako ameanza kuvuna mpunga, na goti langu limetulia.

Umeniuliza kama kuna ubaya matajiri wakilipia mtandao ili wapitishwe mbele ya wengine. Nilipokuwa msichana, kazi yangu ilikuwa kuunganisha simu mjini Kyela. Laini ya kwenda Malawi ilikuwa moja tu. Siku moja mama mmoja wa Njisi alikuwa akingoja kuzungumza na binti yake aliyejifungua huko Karonga, Malawi. Akaingia mfanyabiashara mkubwa, akaniwekea mfuko wa mchele mezani.

"Nianze mimi, dada."

Nikampa laini, akaongea mpaka muda wa kufunga ofisi. Yule mama akajifunga kanga yake vizuri, akaniambia, "Ndaga, mwanangu," yaani ahsante, akaondoka. Mchele ule sikuweza kuupika.

Kesho yake niliurudisha, nikabandika karatasi ukutani: anayefika kwanza anaanza. Mfanyabiashara akafoka, akamwita mkuu wangu. Mkuu akaisoma karatasi, akaiacha palepale, na haikubanduliwa mpaka naolewa. Yule mama aliporudi nilimuunganisha. Alipata mjukuu wa kike, mzima! Alicheka hadi ofisi nzima tukacheka naye.

Kwa hiyo kwenye mkutano wenu wa kanuni za mtandao, usiogope kusema. Wengi humo ni watu waelewa. Usiwatajie mitambo tu, watajie na mtu anayengoja.

Nakuombea kila siku,
Bibi yako Subilaga