Chupi Zetu ni za Nani?

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumegombana na mdogo wangu juu ya rangi ya boksi la kuuzia chupi zetu. Hapana, hatukugombana – yeye alisema, mimi nikakubali. Pinki. Na picha ya mama anayetabasamu. Na maandishi makubwa: Kwa Mwanamke. Karani wa kiwanda cha maboksi anataka jibu Jumatatu ijayo. Wakishachapa, basi tena.

Naona ni sawa. Chupi hizi zilianza siku ile mdogo wangu alipocheka dukani akajilowesha, mapacha wake wakiwa bado wachanga. Alilia njia nzima. Alipofika akakaa kwenye cherehani, akashona chupi yenye kitambaa cha kunyonya ndani, ya kufua na kuanika. Sasa wauguzi wa kliniki wanatuulizia. Meneja – ndivyo tunavyomwita, ingawa kampuni nzima ni yeye, mimi na cherehani mbili – ana haki ya kuchagua rangi.

Baba kala kidogo tena. Anasema goti. Goti linahusiana vipi na kula?

Jumanne, 4 Machi

Chupi mbili za sampuli hazionekani. Zile kubwa. Meneja anasema panya. Panya gani huyo mwenye kiuno kipana namna hiyo! Tumecheka mpaka nimeshika ukuta.

Baba amekataa kwenda uwanjani. Refa mzima! Mtu ambaye zamani akisikia filimbi anatoka bafuni na povu la sabuni. Jumapili wachezaji aliokuwa akiwachezesha zamani wana mechi, wamemwomba aianzishe yeye. Goti, kasema. Na asubuhi nimemwona anapanda ngazi kama kijana! Nimempelekea maji, kapiga funda moja, kasukuma glasi. Daktari alisema nini baada ya upasuaji wa tezi dume? Anywe maji, anywe maji. Hasikii la mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa naanua nguo uani. Nyuma ya shuka la Baba, pale ambapo mtu hawezi kuona mpaka aliondoe – chupi yetu. Ile kubwa. Lesi imefumuliwa. Kile kiua cha utepe cha mbele kimetolewa kwa wembe, uzi mmoja mmoja, hakuna hata tundu. Lebo nayo hakuna.

Nilisimama pale na vibanio mkononi. Kumbe goti ndilo hili. Kumbe maji, kumbe lile taulo analokalia sebuleni. Baba yangu amejifungia chumbani na wembe, anatoa maua kwenye chupi! Nampenda huyu mzee mpaka naumwa.

Nimeurudisha ule upande wa shuka kama ulivyokuwa. Nitamwambiaje? Mtu haongei na baba yake habari za chupi. Na Meneja je? Kumwambia ni kumvunjia Baba heshima, na hajanituma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu kuzunguka. Nimemwambia Meneja boksi lisiwe na picha. Liwe bluu, au kijivu. Liseme kazi yake tu: nguo ya kuzuia mkojo usivuje.

"Dada, Jumatatu ulikubali. Kumetokea nini?"

Nikasema labda na wanaume wanahitaji. Akaweka mkasi chini. Eti wanaume wana kila kitu, hiki kimoja kikipatikana nacho tugawane? "Mimi nilifunga sweta kiunoni mwaka mzima, wewe uliona. Siku zile ningeona boksi lenye mama kama mimi, ningejua siko peke yangu."

Kweli tupu. Ndiyo maana imeniuma. Jibu nilikuwa nalo moja tu, na si langu kulitoa.

Jioni kaniletea chai. Bado kanuna, lakini sukari kaweka ninavyopenda.

Jumapili, 9 Machi

Jana Meneja alipoondoka nilishona moja. Bluu iliyoiva. Hakuna lesi, hakuna ua. Kipimo nimekisia kwa suruali ya zamani ya Baba. Leo asubuhi nikaichomeka katikati ya mashati yake yaliyopigwa pasi, nikaweka na jagi la maji mezani. Kisha nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mchana mlango ukafunguka. Kavaa suruali nyeusi ya urefa! Akamimina glasi, akainywa yote, ananitazama juu ya ukingo wake.

"Goti limepoa," akasema.

"Tushukuru, Baba."

Akatoka. Nimelia jikoni, kilio kizuri.

Lakini karudi mapema, shati amelichomoa nje. Amekwenda moja kwa moja bafuni.

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia stoo, nimekalia marobota ya kitambaa. Nimekimbilia huku nisilie mbele ya mgeni.

Karani wa maboksi alikuja na sampuli ya pinki. Meneja ameshika kalamu, yuko tayari kusaini. Mara Baba huyo mlangoni – yeye ambaye tangu tuanze kushona chupi hajakanyaga chumba chetu cha kushonea tukiwepo! Karani akamwamkia, akaitikia vizuri. Kisha akafungua gazeti alilokuja nalo, palepale mezani. Ndani, ile ya bluu. Imefuliwa, imepigwa pasi.

"Nyuma iko sawa," akasema, kwa sauti ileile ya uwanjani. "Mbele ndiyo kitambaa hakitoshi. Sisi wanaume maji yanatokea mbele."

Sisi wanaume! Mbele ya mtu baki! Karani akainamisha kichwa, anasoma viatu vyake. Meneja akamtazama Baba, akanitazama mimi. Machozi yakamtoka kabla hajasema neno.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu hospitali, mama."

"Peke yako?"

Hapo ndipo nilipokimbia.

Nawasikia. Meneja anamwambia asogee kwenye mwanga, ainue mikono, apimwe vizuri. Anasema pinki yake haitoi. Baba anamuuliza nani kamwambia aitoe. Karani anakohoa, anauliza kwa adabu: sasa kwenye boksi tuandike ni kwa nani?

"Dada! Toka huko uje ushike tepu. Mimi naandika vipimo."