Damu ya Kujaribia Mashine

Kwako kitindamimba wetu,

Huku hatujambo. Kazi ni ile ile: asubuhi tunapima damu ya wazee, mchana ya mbwa wazee, tupate kujua uzee unaingia mwilini kwa mlango gani. Mbwa wakishatolewa damu hulala mkekani, wakaanza kukimbia usingizini, miguu ikipepea hewani. Natamani kujua wanamkimbilia nani. Siku hizi hata mimi naota hivyo hivyo, macho wazi, chai ikipoa mkononi.

Juzi mashine ilituchezea akili. Kila Jumatatu tunaijaribu kwanza kwa damu ya mtu mzima wa afya, na mwaka wa tisa huu damu hiyo ni yangu. Daktari hunitania, "Dada, wewe ndiye kipimo chetu cha uzima." Safari hii ikatoa majibu ya mtu anayeanza kupoteza kumbukumbu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Fundi akaitwa, akaifungua, akaifunga, akasema, "Mashine haina neno." Daktari hakucheka tena. Alinivutia kiti.

Usianze kulia, nakujua. Bado nakumbuka kila kitu, hata ile sahani ya mama uliyoivunja ukanisingizia. Lakini mama naye alianza hivi hivi, kwa ndoto za mchana, nasi tumenyonya ziwa moja. Nenda kapimwe. Kisha niandikie upesi, mdogo wangu, wakati bado naujua mwandiko wako.

Ni mimi,
dada yako.