Nyumba Niliyoonyesha Si Yetu

Buswelu, Mwanza
Jumapili mchana

Mama yangu Ma Koku,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na ule mgomba ulioegemezewa nguzo, umeshaukata? Mimi afya ninayo, ila uso wa kukutazama sina. Ningekupigia simu, lakini nikisikia sauti yako nitababaika nianze kuuliza habari za ndizi. Vaa miwani, usome mwenyewe.

Unajua nafundisha jiografia kidato cha pili. Muhula huu tunasoma ramani za kwenye kompyuta: tunatazama picha zilizopigwa na satelaiti, tunatafuta mahali, tunaweka alama na jina. Wiki iliyopita kila mwanafunzi alionyesha kwao. Watoto hawa hawaoni haya kabisa! Mmoja kaonyesha chumba cha kupanga Nyakato, nyuma ya kiwanda. Mwingine kibanda juu ya mawe, Pasiansi. Wote wakapigiwa makofi. Kisha Kabula, msichana wa dawati la mbele, akasema, "Na wewe Mwalimu, tuonyeshe kwenu."

Nikavuka ziwa hadi Kagera, nikafuata barabara ya kanisani mpaka kijijini. Mama, nyumba niliiona. Nyasi za paa zimekuwa nyeusi, na lile turubai la bluu nililokuletea Krismasi ya mwaka juzi limetanda katikati kama kiraka cha suruali. Mkono wangu ukaipita. Nikaweka alama kwenye mabati mekundu ya jirani yetu Ta Kato.

"Aisee! Mwalimu, kwenu mko vizuri," wakasema. Nami nikacheka!

"Na hicho chenye bluu hapo pembeni?" Kabula akauliza.

"Banda la kuku."

"Na kile cheupe mgombani?"

Lilikuwa kaburi la Baba. Chokaa uliyopaka kwa mikono yako inaonekana mpaka angani. Nikasema, "Sijui. Labda jiwe." Jogoo wa kwenye Injili hakuwika, Mama, ililia kengele ya mapumziko.

Siku tatu sikuifungua tena picha ile. Baba ndiye aliyenifundisha kupima, akitembea mpakani mwa kibanja, shamba letu la migomba, akihesabu hatua kwa sauti, nami nyuma nikirukaruka nizifikie zake. Leo kupima ndiyo kazi yangu, na yeye nimemwita jiwe mbele ya watoto wa watu. Aibu gani hii!

Ijumaa nikafungua picha ile ile. Nikawaambia, "Niliwadanganya. Kwetu ni hapa penye turubai. Na pale peupe amelala baba yangu." Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Kabula akaja, akaifuta alama kwa Ta Kato, akaiweka kwetu, akauliza aandike nini. Nikasema, "Andika: Kwa Ma Koku." Akaandika. Kisha akaniuliza, "Tukija kutembea, atatupokea?"

"Ninyi atawapokea," nikamjibu. Kama mimi utanipokea, sijui.

Likizo ikianza tu nakuja. Nisalimie dada yangu mkubwa na wanawe, na mjomba anayekukatia nyasi, mwambie safari hii nitapanda juu ya paa naye. Ta Kato msalimie pia, ila haya usimweleze, atanicheka mpaka kanisani.

Kwa Baba usinisalimie. Nitakwenda mwenyewe.

Mwanao, kama bado waniita hivyo,
Muta