Gavana Aliyetuliza Kusini

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, Wheaton yote, huku kando ya Washington, imenuna, nami nimenuna nayo.

Nina hasira na mtu aliyekufa zamani. Ni yule afisa wa askari wa farasi kutoka Prussia aliyekuja kuwa gavana wetu enzi za Mjerumani. Jumamosi ijayo darasa la Kiswahili la watoto, pale kanisani, lina onyesho la historia, na binti yangu Neema kapewa karatasi inayomhusu gavana huyo aisome mbele za watu.

Karatasi inamsifu utadhani ni bwana harusi. Hodari juu ya farasi. Akavuka Afrika. Akaletwa hapa hapa Washington, kwenye ubalozi wao, akaoa Mmarekani, kisha akapewa nchi yetu aitawale. "Alituliza kusini," inasema, halafu inaendelea na nishani zake.

Mimi ni mtu wa Songea. Kusini ndiko kwetu. Wakati wa Maji Maji askari wake walichoma maghala na mashamba, watu wakafa kwa njaa. Mama yake bibi yangu alizika wadogo zake wote. Anayetulizwa ni mtoto anayelia, tena kwa kupewa chakula.

Nikampigia Mwalimu Darnell kumlalamikia neno hilo, maana ndiye aliyeitafsiri karatasi kutoka Kiingereza; ni Mmarekani mweusi aliyejifunzia Kiswahili chuoni, College Park. Ni mtu mwema, na leo sikumpenda.

"Dada Rehema, lakini kamusi inasema tuliza," alinijibu, kwa upole ulionizidishia hasira.

Nikamwambia Neema hasomi, nikakata simu. Sikutaka mwanangu amsifie muuaji wetu kwa lugha yetu.

Baadaye Neema akaja jikoni na karatasi yake. Kiswahili anakielewa nusunusu, na hujibu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza hicho hicho akaniuliza huyo gavana alitufanya nini huko kusini hata tukalia.

Nikamuuliza nani kasema tulilia. Akaweka kidole kwenye neno.

Alitu-liza.

Nimesali na kugombana kwa lugha hii maisha yangu yote, sikuwahi kuliona. Kaliona mtoto asiyejua kutuliza ni nini. Nikaketi, machozi yakanitoka.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili safari hii, "bado anatuliza."

Nimempigia mwalimu tena. Neema atasoma, na neno libaki lilivyo.