Herufi Mbili Mdomoni mwa Mbambu

Jumatatu, 5 Februari 2001

Mb tena. Wiki ya tatu sasa. Chaki hakuna, nimeandika na kipande cha muhogo mkavu: mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Watoto sabini na mmoja wanaimba pamoja, vizuri kabisa. Kisha nasimamisha mmoja mmoja. Wanapita wote mpaka kufika kwa Mbambu.

"Ba," anasema.

Mba, namwambia. "Ba." Jina lake mwenyewe limemshinda. Anajiita Babu. Darasa zima likacheka, mtoto wa kike kujiita babu wa watu. Nikapiga rula mezani wakanyamaza.

Nimechoka na huyu mtoto. Naandika hapa sababu shuleni siwezi kusema hivi.

Jumatano, 7 Februari

Mtoto wa Kinande kushindwa mb! Lugha yetu yote imejaa mb, nd, ng. Wanazaliwa nazo. Huyu zimepotelea wapi?

Hakuna wa kumuuliza. Mbambu hana mtu hapa Butembo. Aliingia mwezi wa kumi na mbili na kundi la wakimbizi wa vita, miguu imevimba, ana miaka sita au saba. Mzee Kasereka, shemasi wetu, ndiye aliyeandika majina yao pale kanisani. Aliandika: Mbambu, kwao Kasugho, wazazi hawajulikani. Mama Kanyere, jirani yangu anayeuza maharage, akamchukua. Kanisa lilituma habari Kasugho kwa phonie, ile redio ya kuongelea, mara mbili. Jibu lilikuwa lile lile: mtoto huyo hatumjui.

Ijumaa, 9 Februari

Nimembakiza baada ya masomo. Saa nzima. Mbuzi, "buzi". Ndizi, "dizi". Ngoma, "oma". Nikasema polepole, nikasema kwa nguvu, mwishoni nikapiga kelele. Yeye ananitazama mdomo tu, hatazami ubao. Nikamwambia atazame ubao. Akaendelea kutazama mdomo.

Kichwa kinaniuma.

Jumatano, 14 Februari

Direkta, mkuu wetu wa shule, ameingia darasani kuhesabu mabenchi. Wakimbizi wengine wamefika, watoto wanalala wanne wanne pale kanisani, na wao wanataka kusoma. Akaniita nje.

"Madame, ule mutoto hapana kuendelea. Bengine banangoja nafasi. Arudi nyumbani, mwaka kesho tutaona."

Nikamwomba mpaka jaribio la mwisho wa mwezi wa tatu. Akakubali, lakini hakufurahi. Kwa nini nimeomba? Sijui. Labda kiburi. Miaka kumi na mbili nafundisha mwaka wa kwanza na hakuna mtoto niliyeshindwa kumfundisha kusoma. Mama Kanyere ameshasema: akitolewa shuleni, atabeba maharage sokoni kama wengine. Hasemi kwa ubaya. Anao wa kwake wanne.

Jumanne, 20 Februari

Nimempiga. Rula, kwenye vidole. Alisema "buzi" mara ya kumi na mkono ukaenda wenyewe. Hakulia. Alinitazama mdomo, kama anangoja niseme kitu.



Jumatano, 21 Februari

Nilikuwa naandika ubaoni, mgongo kwa darasa. Nikasema: Mbambu, simama. Kimya. Nikarudia. Kimya. Mara ya tatu nikageuka na hasira yangu yote, nikaona jirani yake anamgusa kwa kiwiko, ndipo akasimama.

Nikamwita mbele. Kilemba anachofungwa na Mama Kanyere nilidhani ni cha baridi. Nikakifungua. Usaha, masikio yote mawili, umekauka mpaka shingoni. Harufu. Mimi ninayekaa naye kila siku nilidhani ni harufu ya nguo.

Sikio halisikii, na mimi nampigia kelele. Kisha nampiga. Mwalimu mzima.

Ijumaa, 23 Februari

Dispansari ya masista, mimi, Mbambu na Mama Kanyere. Sisi ni Waprotestanti, lakini usaha hauulizi kanisa. Sista alimsafisha kwa pamba, akatoa dawa ya matone, akanionyesha namna: kukausha asubuhi na jioni, maji yasiingie.

"Anasikia sawa vile mutu iko ndani ya maji," akaniambia. "Sauti kubwa inafika. Ile bidogo-bidogo inapotea njiani. Imeanza zamani, Madame. Masikio yatakauka, lakini sijue kama itarudi yote."

Mama Kanyere alipiga mikono pamoja. "Ye! Na mi nilisema ni kichwa nguvu!"

Hata mimi nilisema hivyo.

Jumanne, 27 Februari

Risasi upande wa njia ya Beni tangu jana. Shule imefungwa. Tumejifungia kwa Mama Kanyere, maharage yananuka moshi, na mimi na Mbambu tunafanya mb. Kazi nyingine haipo.

Leo sikutumia kelele. Nilichukua mkono wake, nikauweka puani pangu, nikafunga midomo: mmmm. Akashtuka, pua inatetemeka. Nikauweka puani pake. Mmmm. Akacheka. Halafu mmmm, fungua: mba.

Tulirudia mpaka midomo ikakauka. Karibu na saa kumi, peke yake, vidole puani: "Mmm-ba." Kisha: "Mmm-ba-mmm-bu."

Watoto wa Mama Kanyere wakapiga makofi. Mama akawakemea, risasi bado zilikuwa zinasikika.

Jumatatu, 5 Machi

Masomo yamerudi. Masikio yanakauka. Mb anayo. Nd hana. "Dege", "dizi", "duu". Ndugu imekuwa duu! Mkono puani hausaidii, ulimi unakataa kupanda. Wiki moja sasa. Direkta amepita dirishani, akatazama, akaenda.

Nilikasirika tena. Safari hii nilitoka nje, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumanne, 13 Machi

Nd imekuja nusu. Jioni, uani kwa Mama Kanyere, nikaiacha, nikaingia ng. Hii inatoka nyuma kabisa, mdomo hauonyeshi kitu, basi nikaweka vidole vyake kooni pangu. Nga, nge, ngi, ngo, ngu. Hakuna. Nusu saa, hakuna. Kuku wa Mama Kanyere akapita, nikamwonyesha na kidole: kwa Kinande, huyu nani?

"Engoko," akasema.

Safi. Ng nzima. Hata mimi sikuamini. Nikamwambia arudie. Engoko, engoko, anamfuata kuku uani. Nikarudi kwenye orodha: nga, nge, ngi, ngo, ngu. Akasema zote. Alipofika ngu akasimama. Akaweka vidole kooni pake mwenyewe.

"Ngu. Lu-ngu. Ka-lu-ngu-ta."

"Kalunguta?" nikamuuliza, uso kwa uso. "Nani alikufundisha?"

"Kwetu."

"Kwenu si Kasugho?"

"Kasugho ni wapi?"

Nikakaa chini palepale, kwenye maganda ya maharage.

Kalunguta iko njia ya Beni. Mtu mwenye miguu mizuri anatoka asubuhi na kufika jioni. Kasugho ni upande mwingine kabisa, magharibi, kwenye pori. Miezi mitatu tunaulizia mtoto mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Jumatano, 14 Machi

Nimeenda kwa Mzee Kasereka kabla ya masomo. Nilikuwa nimejiambia niwe na heshima. Heshima iliisha mlangoni.

"Mzee, mutoto alikuambia Kalunguta!"

"Madame, ile siku bote balitoka Kasugho. Bote! Ye anasema Kauta, Kauo, mi nijue nini? Nikaandika yenye karibu."

"Ungeuliza tena."

"Balikuwa mia mbili, na mvua."

Mimi nilikuwa naye peke yake, bila mvua, na nilimpiga rula. Lakini hasira haikutoka. Akaniambia pia kwamba karatasi imekwisha pigwa muhuri, hawezi kuifuta hivi tu. Na phonie haifanyi kazi, askari wamezifunga zote mjini wiki hii.

Jioni nikamuuliza Mbambu jina la baba. "Kambale." Amelisema vizuri, mb nzima. Kambale! Nusu ya wanaume wa huku ni Kambale. Anafanya kazi gani? Akafikiri. "Mbao." Akaonyesha kwa mikono, kwenda na kurudi. Msumeno.

Nimeandika barua tatu zinazofanana. Kwa Kambale mpasua mbao wa Kalunguta: mtoto wako Mbambu yuko Butembo, ni mzima. Nimewapa vijana watatu wa baiskeli wanaopeleka chumvi Beni. Mmoja akipita, inatosha.

Alhamisi, 22 Machi

Hakuna. Njia imefungwa tena pale mbele. Kijana mmoja amerudi na barua yangu mfukoni, imelowa jasho. Wawili sijui walipo.

Mbambu anauliza kila asubuhi. Ningekaa kimya ingekuwa bora. Nimemwamsha mtoto katika jambo ambalo siwezi kulimaliza. Nachukia vita hivi. Naandika hivyo tu.

Jumanne, 27 Machi

Baba amekuja.

Tulikuwa tunasoma. Mbambu sasa anakaa benchi la mbele, nilimhamisha. Mwanaume akasimama mlangoni, nyuma ya watoto wote, vumbi mpaka kwenye nyusi, barua mkononi. Hakupiga hodi. Aliona kichwa cha mtoto wake kwa nyuma, akamtambua.

"Mbambu," akaita. Taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Mtoto hakugeuka.

Akaita tena. Mbambu anafuata mstari na kidole, mbu-zi a-na-la ma-ja-ni. Yule baba akanitazama. Niliona anachowaza: amenisahau.

"Pita mbele, Papa," nikamwambia. "Hasikii vizuri. Akuone mdomo."

Akapita katikati ya mabenchi, watoto wanavuta miguu yao. Akapiga magoti kati ya ubao na benchi la mbele. Mbambu akainua macho kutoka kitabuni.

Sitaandika zaidi. Nilitoka nje na darasa zima. Direkta alikuja mbio kuuliza kwa nini watoto wako uani, akachungulia ndani, akavua kofia, akarudi ofisini.

Jumatano, 28 Machi

Wameondoka alfajiri. Mama yake yuko hai. Siku ile walipokimbia, yeye alisukumwa upande wa Beni na mtoto mchanga mgongoni, Mbambu akafuata watu upande wa Butembo. Tangu hapo anazunguka huko Beni, kanisa kwa kanisa, anauliza. Baba alibaki Kalunguta kulinda nyumba, ili mtoto akirudi akute mtu.

Nilimwonyesha kukausha masikio. Nilimwambia: usimwite kwa nyuma, usiseme naye ukiwa gizani, usimpige akinyamaza. Neno la mwisho lilinitoka kwa shida. Akasema ndiyo, Madame, kwa kila kitu. Mama Kanyere alilia, akawafungia maharage.

Na mimi nilikasirika. Ndiyo. Nj hatujaanza. Nd ni nusu. Kesho kutwa ni jaribio, angepita, najua angepita. Huko anakoenda shule ilichomwa. Nilitaka kumwambia yule baba amwache mpaka jaribio liishe. Nilifunga mdomo. Namshukuru Mungu nilifunga mdomo.

Jumamosi, 31 Machi

Mvua tangu asubuhi.

Saa nne Mzee Kasereka alibisha hodi kwangu. Hakusema habari za Kalunguta, wala mimi sikuzisema. Alikuwa na orodha ndani ya nailoni, na kalamu. Watoto tisa wasio na mtu, aliowaandika yeye. Akaiweka mezani.

"Madame, tuulize tena."

Tulienda pamoja kanisani. Wa kwanza ni msichana wa miaka minne, amevaa sweta ya mtu mzima. Orodha inasema kwao Mabalako. Mzee alitaka kusimama kando yake. Nilimvuta, tukakaa wote wawili chini kwenye sakafu, mbele ya mtoto, mwanga ukiwa usoni mwetu.

Nikamuuliza kwao ni wapi. Alitutazama midomo, yangu, kisha ya Mzee.

Mzee akafungua kalamu. Nikamwambia aifunge kwanza. Tukangoja.