Kikohozi Katika Chumba cha Papa

Jumatatu.

Papa tulimuzika Makobola wiki iliyopita, na leo asubuhi nilisikia kikohozi chake chumbani. Nilifungua mlango, hakuna muntu. Basi nikaenda kumwona dokta aliyemtunza.

Nilimuuliza: kazi ya kukata malata ya amiante, yaani mabati ya asbesto, Papa aliifanya akiwa kijana. Mbona kansa ya pafu la kushoto ilimungojea mpaka miaka sabini na ine?

“Vumbi ile inakaa mapafuni miaka makumi ine, hata zaidi, bila kuonekana,” alisema. “Ni nani alikuwa anafua nguo zake za kazi?”

“Ni miye, dokta. Nilikuwa mtoto. Nilizikung'uta kwanza.”

“Sasa uko na miaka ngapi?”

“Makumi tano na mbili.”

Akaniambia nivute pumzi. Alisikiliza muda mrefu, upande wa kushoto tu.