Nafasi Ukutani kwa Mama Eliza

Mjukuu wangu Namkunda,

Marahaba, shikamoo yako imefika huku kijijini Mhezi. Bibi yako hajambo, ila magoti yanamsumbua. Tangawizi tumeshavuna.

Unauliza kama ni kosa kuiacha habari ya wale wanaobomolewa nyumba huko Dar, kwa kuwa mhariri wako kasema usubiri.

Nami nilipokuwa mwandishi kijana pale Same, nyumba za karibu na stendi ziliwekwa alama nyekundu ya X, ya kubomolewa. Mjane mmoja, Mama Eliza, alinieleza yote, nikaandika. Mhariri akasema, "Subiri kwanza." Mke wangu alikuwa mjamzito, niliogopa kufukuzwa kazi. Nikasubiri.

Siku ya kubomoa nilikwenda. Ukuta wa mbele ulipoanguka, chumba chake kikabaki wazi. Ndani alikuwa amebandika magazeti kuzuia vumbi, kama wengi walivyofanya. Lakini yeye alichagua kurasa zenye habari nilizoandika mimi tu. Ukutani, juu ya kitanda, aliacha nafasi tupu, ya ukurasa mmoja.

"Hapo nilikuwa naisubiri habari yetu, mwanangu," akaniambia.

Hakunilaumu, Namkunda. Laiti angenilaumu.

Babu yako